Ina Kasoro Ndogo Tu: Maisha ya Mdogo Wangu, Fundi wa Mita za Maji

Ndugu, majirani, na ninyi mliotoka mbali, asanteni kwa kuja. Kaeni, lakini kaeni taratibu. Waliopata viti vya kijani wasiegemee nyuma. Waliokaa kwenye benchi refu, mmoja akitaka kuinuka awaambie wenzake kwanza. Viti vyote mlivyokalia leo ni vya marehemu. Alivinunua mwenyewe, kimoja kimoja, kwenye matangazo ya simu, na hakuna viwili vinavyofanana. Sisi tulitaka kukodi. Mjane wake akasema, "Shemeji, miaka kumi nimevipisha njia vitu hivi ndani ya nyumba yangu. Leo na vyenyewe vifanye kazi." Basi vinafanya kazi.

Mimi ni kaka yake. Nimepewa kuandika habari zake kwa sababu ndimi niliyebaki ninayekumbuka mwanzo. Sikusoma sana, na nikianza jambo huwa nazunguka, mtanivumilia. Binti yake ndiye aliyenichapia. Alitaka kuiondoa habari ya friji, nikamwambia friji ikiondoka na mimi naondoka.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 9 Machi 1954, saa nne asubuhi, katika chumba cha pili cha nyumba za wafanyakazi wa reli. Alikuwa mtoto wa tatu na wa mwisho. Baba yetu alikuwa akipaka rangi mabehewa, na mama yetu alifua mashuka ya hospitali. Dada yetu wa katikati alitutangulia zamani. Chumba kile kilikuwa na dirisha moja lisilofunga, baba akalizuia kwa kijiko. Mdogo wangu alipojifunza kutambaa, kitu cha kwanza alichokiendea duniani ni kile kijiko. Alikichomoa, dirisha likafunguka, mvua ikaingia kitandani, na aliyechapwa ni mimi, wa miaka mitano. Hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuumia kwa ajili ya ufundi wake.

Alianza shule ya msingi mwaka 1961 na kumaliza darasa la nane mwaka 1968. Ripoti zake zote mama alizitunza, na zote zinasema neno moja kwa miandiko tofauti: mtoto ana akili, ila anafungua kila kitu. Akiwa darasa la sita aliifungua saa ya ukutani ya ofisi ya mwalimu mkuu. Aliirudisha vizuri, ikatembea, lakini mkononi kikabaki kipande kimoja. Mwalimu mkuu alikitia kipande kile kwenye bahasha, akakaa nacho mpaka alipostaafu, akingoja saa isimame ili amchape. Haikusimama. Mwaka 1969 mdogo wangu aliingia chuo cha ufundi, upande wa mabomba, akatoka na cheti mwaka 1971.

Tarehe 2 Januari 1973 aliajiriwa katika karakana ya mita za maji, na kwa miaka arobaini na moja alikaa meza ileile, ya kushoto, karibu na dirisha. Wengi hamjui kazi ile, ngoja niieleze kidogo. Mita zililetwa kwenye magunia, zimekufa. Nyingine zimeziba mchanga, nyingine zimepigwa nyundo na mwenye nyumba ili zisihesabu. Fundi anafungua, anapiga mswaki vigurudumu vya ndani, anabadilisha mpira, anapitisha maji, anasikiliza. Marehemu aliiweka mita sikioni kama mtu anayesikiliza siri, halafu anasema, "Hii ina mchanga," au, "Hii kapigwa huyu, tena kwa hasira." Hakukosea. Na kwa kuwa vipuri havikuwa vikija, meza ile ilikuwa na utaratibu wake: mita tatu zilizokufa zitoe moja iliyo hai. Hakuna kutupa hata skrubu.

Kazini, utaratibu huo ulimpa cheti cha mfanyakazi bora mara mbili. Nyumbani ulituletea balaa.

Siku ya Jumamosi, tarehe 15 Desemba 1979, alifunga ndoa na huyu mjane aliyekaa hapa mbele, fundi cherehani, mtu wa vipimo. Walikutana kwa sababu ya mita ya nyumbani kwao. Marehemu aliifungua mara tatu kwa mwezi mmoja. Mara ya tatu baba wa binti akamuuliza, "Kijana, hii mita ina ugonjwa gani usiopona?" Akajibu, "Ina kasoro ndogo tu, mzee." Mita ilikuwa nzima kabisa. Mungu aliwajalia watoto watatu, wavulana wawili na huyu binti wa mwisho.

Kama angeishia hapo, wasifu huu ungekuwa mfupi, na mimi ningekuwa na nywele.

Alistaafu tarehe 31 Machi 2014. Binti yake, kwa moyo mwema, akamnunulia simu ya kugusa ili awaone wajukuu kwenye picha. Wajukuu aliwaona wiki moja. Wiki ya pili akagundua kwamba ndani ya simu kuna kurasa ambazo watu wanatangaza vitu walivyovichoka. Tangu siku hiyo hatukuwa na mdogo wangu tena, tulikuwa na paji la uso lililoinamia simu. Unamwambia habari ya msiba, anasema, "Pole sana kaka, hebu ona hii feni."

Alinunua pasi isiyo na waya kwa sababu tayari alikuwa na waya usio na pasi. Alinunua feni tatu ili apate moja, akapata tatu zisizozunguka. Alinunua baiskeli ya mazoezi yenye pedali moja, akaniambia eti ni nzuri kwa mtu mwenye goti bovu kama mimi, nipande kwa mguu mzima. Alinunua mlango wa gari, wa mbele, upande wa dereva. Hakuwahi kuwa na gari. Kiti kile cha daktari wa meno mlichokiona barazani, msiulize. Kila kitu kiliingia nyumbani na maneno yaleyale, "Ina kasoro ndogo tu," mpaka majirani wakambandika jina la Bwana Kasoro, naye akaitika.

Shemeji yangu alifanya kila aliloweza. Alimfichia miwani. Marehemu akanunua miwani mingine kwenye matangazo, kioo kimoja. Siku moja nilimsikia akimwuliza, "Baba nanihii, hebu niambie, hiki ni nini?" Marehemu akakigeuza geuza, akasema, "Bado sijajua, lakini bei yake, mke wangu, ungeiona bei yake!"

Mwaka 2017 alinunua kabati la nguo, milango mitatu, kioo katikati. Shemeji, kwa mara ya kwanza, alilipenda kwenye picha. Akamwambia, "Chukua futi yangu ukapime." Marehemu akasema futi ya nini, mimi ni fundi. Alikwenda kwa muuzaji, akanyoosha mikono, akapata upana wa kabati, akarudi nyumbani kwa miguu na mikono yake imetanuliwa hivyohivyo, watu wanampisha njia. Alipofika kona ya duka la dawa akakutana na mwenzake wa karakana ambaye hawakuonana miaka mitatu, akampa mkono. Akarudisha mikono kwa kukisia. Kabati lilipoletwa halikupita mlangoni. Likaenda kwenye banda la nyuma, likafunikwa na vingine.

Sasa nifike kwenye friji.

Novemba 2022 aliniletea friji kwenye mkokoteni, zawadi kwa mke wangu. Mlango haufungi, kaufunga kwa mpira wa baiskeli. Nilimwuliza, "Hii ni salama?" Mnajua alichojibu. Siku ya tatu friji ikaunguza nyaya za nyumba. Tulikaa gizani siku tisa, na redio yangu ya miaka thelathini na moja ikafa, ile ambayo mke wangu alininunulia kwa mshahara wake wa kwanza. Alipokuja, hakusema pole. Aliinama nyuma ya friji, akasema, "Aa, kumbe ni waya huu tu." Hapo nikapandwa na hasira. Majirani walikuwepo, wengine mmekaa hapa. Nilimwambia, "Wewe si mtu, wewe ni jalala linalotembea. Usikanyage tena hapa na takataka zako."

Aliipakia friji kwenye mkokoteni peke yake, akaisukuma. Nilimwona mpaka alipokata kona, na ule mpira wa baiskeli ukiburuzika nyuma.

Miezi kumi na minne hatukusemezana. Salamu zilipita kwa wake zetu. Nilikuwa nangoja aombe radhi kwa ajili ya redio. Yeye, nafikiri, alikuwa anangoja nilifute lile neno. Na sisi sote wawili ni watoto wa mama mmoja, mwanamke aliyekaa miaka sita bila kumsalimia jirani kwa ajili ya sufuria.

Januari 2024 shemeji alinijia na binti yake. Alikuwa amechoka, na alikuwa na mpango. Wangeviuza vitu vya bandani kimoja kimoja, kwenye matangazo hayohayo, marehemu akiwa hayupo. Waanze na kabati. Lije lifichwe barazani kwangu, na mimi niwe muuzaji, kwa laini mpya ambayo marehemu haijui.

"Baba mkubwa, wewe na baba hamsemezani, hatakuja kwako," binti akasema.

Tukalipiga picha, tukalifunika chini kwa shuka ili lisijulikane, binti akaliweka kwenye matangazo saa tatu asubuhi. Saa tatu na nusu simu ikalia. Mteja wa kwanza. Mdogo wangu.

Aliandika: "Mzee habari. Kabati naliona. Mlango wa kati, bawaba ya chini, skrubu yake ni ya shaba?"

Nikaandika: "Sijui. Usinipigie, spika ya simu imekufa. Andika tu."

Akaandika: "Spika nitakutengenezea. Hiyo ni kasoro ndogo."

Kazi yangu ilikuwa kumjibu neno moja, limeuzwa. Shemeji aliniambia, "Shemeji, si umwambie limekwenda?" Nikasema nitamwambia kesho. Kesho yake marehemu akashusha bei. Nikakataa. Keshokutwa akasifia afya yangu, akashusha tena. Ana kero mtu yule! Aliandika asubuhi, aliandika nikila. Aliuliza kabati limekaa kwenye unyevu? Lina mende? Ninaliuza kwa shida au kwa raha? Wiki zikapita, na mimi nikajikuta nanyoa ndevu na simu iko karibu na kioo.

Siku moja akaandika: "Nina kaka yangu, amenikasirikia kwa ajili ya friji."

Nikaandika: "Mwendee. Atakuwa anakungoja."

"Huyo? Hata kifo kitamngoja yeye avae viatu."

Halafu akaandika tena: "Wewe muuzaji ungekuwa ndiye yeye, ungeniambia nini?"

Ndugu zangu, swali lile lilinikalisha siku mbili. Lile neno la jalala lilikuwa kifuani, nilitaka kulitoa, na sikujua mtu anatoaje neno kwa jina la muuza kabati. Mwisho nikaandika: "Ningesema redio ilikuwa imezeeka."

Kisha akaandika: "Sawa. Basi punguza bei."

Jumapili ya tarehe 17 Machi alikuja kwangu. Alibeba redio kwapani, ya kwenye matangazo, inashika kituo kimoja, tena cha lugha tusiyoijua. Alikaa barazani, hatua mbili kutoka kwenye kabati lililofunikwa turubai. Tulizungumza habari za magoti, habari za mabomba ya siku hizi ambayo ni plastiki tupu. Akaniuliza, "Kaka, hapo umefunika nini?" Nikasema mbao. Akasema, "Umefunika vizuri." Aliondoka. Sikulifuta lile neno. Niliona aibu, na nilijiambia si tumeshapatana, ya nini kufukua.

Asubuhi yake simu ya kabati ikalia: "Muuzaji, nilikwenda kwa kaka. Amezeeka sana."

Nikaandika: "Pole. Na wewe?"

"Mimi bado."

Mwezi wa Mei alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi kwenye ngazi. Daktari alimpiga picha ya moyo, akamweleza kwa upole kwamba valvu moja haifungi, damu inarudi nyuma. Marehemu akamsogelea. "Inavuja?" Daktari akasema ndiyo, mzee, inavuja. Marehemu akatugeukia sisi sote, uso umemchangamka, akasema, "Si mnaona? Ni kasoro ndogo tu." Aliagizwa asibebe vitu vizito. Ndani ya mwezi huohuo alinunua magongo mawili ya kutembelea, moja fupi kuliko jingine, kwa watu wawili tofauti.

Tarehe 2 Septemba alilazwa. Wauguzi walimpenda na walimchoka, kwa kuwa aliwatengenezea gurudumu la kitanda bila kuulizwa, kitanda kikawa hakisimami. Nilikuwa nakwenda kila siku mchana. Jumanne, tarehe 10, nilikuwa nimekaa kando yake, na yeye yuko na simu yake kama kawaida, anaandika kwa kidole kimoja. Mfuko wangu ukatetemeka.

"Kaka, simu yako," akasema, macho kwenye dari.

"Iache."

"Huenda ni mteja."

"Mimi sina biashara."

"Haya."

Nikatoka koridoni nikasoma. Alikuwa ameandika: "Muuzaji, bei ya mwisho ngapi?" Nikajibu: "Ukipona njoo mwenyewe tuongee." Nikaisikia simu yake ikilia humo ndani, nikamsikia akicheka, kicheko kikageuka kikohozi. Nikarudi, nikamshika mgongo. Ningeweza kusema pale. Nilimwambia anywe maji.

Alifariki siku ya Alhamisi, tarehe 12 Septemba 2024, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka sabini, miezi sita na siku tatu. Mkewe alikuwa amemshika mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa na simu.

Jana binti yake alinipa simu ile niwapigie watu habari ya msiba. Kwenye orodha ya majina nikajitafuta, nikaona "Kaka". Chini yake nikaona "Kaka Kabati". Nikabonyeza. Mfuko wangu ukatetemeka.

Nikaenda barazani nikatoa turubai na lile shuka. Mlango wa kati, bawaba ya chini, kuna skrubu ya shaba, ndogo, ya mita ya maji. Kumbe aliitia mwenyewe mwaka 2017, alipokuwa anajaribu kuufungua ule mlango wa kati ili kabati lipite. Kwenye picha haikuonekana, shuka liliifunika, na yeye ndiyo aliyoiulizia kwanza. Alijua kabati ni lake na baraza ni langu tangu ujumbe wa kwanza, na akanisumbua miezi yote ile juu ya bei ya kitu chake mwenyewe, akijua, kila siku, bila kukosa. Nimekasirika tangu jana. Sijawahi kumkasirikia hivi hata siku ya friji.

Basi kwa kuwa lile neno nililisema mbele ya watu, nalifuta mbele ya watu. Mdogo wangu hakuwa jalala. Alikuwa mtu ambaye kitu kikimfia mwenzake, yeye anakiweka sikioni kwanza. Hata mimi aliniweka sikioni, akanisikia nina mchanga, akanipitishia maji taratibu mpaka nikaanza kuzunguka.

Marehemu ameacha mjane mmoja, watoto watatu, wajukuu saba, na kaka mmoja. Ameacha pia vitu mia tatu na kumi na viwili, ambavyo binti amevihesabu, na mjane anaomba kila mwombolezaji anapoondoka achukue kimoja, asikirudishe. Kiti ulichokalia ni chako. Mlango wa gari tayari umepata mtu. Kabati limebaki kwangu, nimetia humo nguo zangu.

Uliniuliza bei ya mwisho. Ni bure, mdogo wangu. Ilikuwa bure tangu mwanzo, ila ningekuambia hivyo, ungeacha kuniandikia.

Apumzike kwa amani, mahali pasipo na kasoro. Na kama ipo moja huko, ndogo, tunawaomba wenyeji wamwachie yeye.